Unga wa Ufagio

Mmenichosha. Tangu vuli mnanijia na karatasi zenu, eti Bibi tuandikie habari za mtu wa zamani wa hapa Kariakoo. Nikiuliza mtu gani, mnanitajia wenye majumba na wenye picha ukutani. Hao wameshaandikwa na watu wenye kalamu nzuri. Kalamu yangu mimi ni ya kisomo cha watu wazima, herufi zangu zinapanda na kushuka kama barabara ya Pugu, na anayetaka kucheka afunge karatasi aende zake. Nitaandika habari za Benedikta, mwenye mashine ya kusaga ya Mtaa wa Mahiwa. Nitaziandika kwa njia yangu, na msinikate maneno.

Benedikta alitoka Rombo na mume wake, Gaudens, kabla hawajajaliwa mtoto wao Filbert. Gaudens alifanya kazi bandarini. Alipoacha kazi alichukua kiinua mgongo chake chote akanunua mashine kwa Mhindi mmoja aliyekuwa anafunga mizigo kuondoka. Wenzake walimcheka. Walisema mtu mzima hanunui chuma kilichozeeka, ananunua kiwanja. Yeye aliipanga mashine ile katika chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, akaifungia mota na mkanda, na ilipoanza kunguruma nyumba nzima ilitetemeka hadi vikombe vikatembea kabatini.

Hakuifaidi. Homa ilimchukua kabla mkanda wa kwanza haujachakaa. Shemeji zake Benedikta wakashuka kutoka Rombo kuja kumaliza msiba, na baada ya msiba wakaanza kuzungumzia mnunuzi. Benedikta aliweka kiti mlangoni pa chumba cha mashine, akakaa, na ufunguo akautia kifuani.

"Shemeji," aliwaambia, "chai ipo, mkate upo. Mashine haiendi popote, na mimi siendi popote."

Wakanywa chai, wakapanda basi.

Basi huyo ndiye Benedikta, ambaye mtaani walimwita Mama Filbert. Mrefu, mkavu, kitambaa cheupe kichwani, na mdomo usiozoea kuomba radhi. Alikuwa na sheria moja tu pale kwake, nayo ilikuwa foleni. Siku moja dereva wa mkubwa fulani alikuja na magunia mawili, akataka kupita mbele.

"Kaa nyuma ya yule mama mwenye kopo," Benedikta akamwambia.

"Mama, unajua haya mahindi ni ya nani?"

"Yakiingia kwenye mashine yatanieleza."

Dereva akasimama nyuma ya kopo. Watu walilipenda hilo, na yeye mwenyewe alilipenda kuliko wote. "Kwangu wote sawa," ndilo lilikuwa neno lake. Mwenye gunia na mwenye kibaba, foleni moja, mashine moja, mkono mmoja wa kumimina.

Mkono wenyewe ulikuwa wa Kasmir, mtoto wa kaka yake, aliyeiendesha mashine toka siku ile Gaudens alipougua. Na hapa nieleze jambo, maana ninyi mmezoea unga wa pakiti. Mashine ya kusaga haitoi kila kilichoingia. Unga kidogo hubaki tumboni mwake, kwenye nyundo zake na pembeni za bomba, na mwingine hunata kwenye ule mfuko wa kitambaa unaofungwa mdomoni. Jioni, mota ikishazimwa, Kasmir alifungua kifuniko, akaukung'uta mfuko, akapitisha ufagio mdogo wa chelewa ndani mpaka chuma kikang'aa. Usipofanya hivyo panya wataingia, na unga utachacha, na kesho wateja watakukimbia. Unga ule uliotoka ulikuwa wake. Uliitwa unga wa ufagio, na kila mashine mjini ilikuwa hivyo hivyo, kuanzia Kariakoo mpaka Buguruni. Hakuna aliyeuhesabu kuwa wizi. Kasmir alikuwa na watoto wanne, na uji wao ulitoka humo.

Ukaja mwaka wa njaa. Soko jipya lilikuwa bado linanyanyuliwa, mabati na zege kila upande, na chakula kilikuwa adimu. Mahindi yaliyopatikana ni yale ya njano yaliyokuja na meli. Watu waliuita unga wake Yanga, kwa sababu ya rangi za timu, na wapenzi wa Simba walipata taabu ya kuumeza mbele za watu.

Kila alfajiri, kabla ya mtu yeyote, wa kwanza mlangoni kwa Benedikta alikuwa Zamzam. Huyu alikuwa Mmwera wa Nachingwea, amepanga chumba Buguruni, na kazi yake ilikuwa kupikia uji wachukuzi wa sokoni. Alikuja na kopo lake la mahindi kichwani, akasaga, akakimbilia jikoni kwake pembeni ya mtaa, maana mchukuzi anataka uji kabla ya mzigo wa kwanza. Akichelewa, wanakunywa kwa mwingine. Nyuma yake walikuja wa maandazi, ambayo mwaka ule yalikuwa ya mahindi kwa kukosa ngano, na wa vibibi vya kukaanga, na wale wa kopo moja moja. Wenye magunia walikuja jua likiwa juu.

Miaka ya neema upungufu aliuziba kwa konzi ya ziada bila kuuona; mwaka ule hapakuwa na ziada, na uji wa Zamzam ukaanza kuwa mwepesi. Mchukuzi mmoja aliyeitwa Isidori, mwenye kifua kama pipa na mdomo mkubwa zaidi ya kifua, aliinua kikombe chake akakitazama kwenye jua.

"Bi Zamzam, hebu niambie. Huu ni uji, au umeosha sufuria?"

"Kunywa, Simba wewe. Unga wenyewe Yanga."

"Ndiyo maana hauna nguvu!"

Wakacheka, lakini kesho yake wawili hawakuja, na keshokutwa wakapungua tena. Zamzam akaanza kulichunguza kopo lake. Mahindi yalikuwa yanaingia yamejaa, na unga unatoka haujafika ukingoni. Unga hupaswa kujaa kuliko mahindi, kila mwanamke anajua hilo. Alfajiri moja akasimama pale pale mbele ya mashine, hakuondoka.

"Mama Filbert, mashine yako inanila."

"Mashine haina tumbo, Zamzam."

"Basi mwenye tumbo ni nani? Ni wewe, au huyu mwanao?"

Kasmir akaacha kumimina. Benedikta akainuka kitini. "Usimguse Kasmir kwa maneno. Nenda kasage Buguruni kama hapa unaibiwa."

"Buguruni wananila vile vile! Ila wao hawajisifu kuwa wote sawa."

Hilo la mwisho lilimchoma Benedikta kuliko neno wizi. Zamzam akapeleka maneno yake jikoni, wachukuzi wakayabeba pamoja na mizigo, na yalipozunguka mtaa yalikuwa yameshanenepa. Mwaka ule maneno ya namna hiyo yalikuwa tayari redioni na ukutani: mnyonyaji, kupe, mwenye mirija. Asubuhi moja mlango wa chumba cha mashine ulikutwa umeandikwa kwa mkaa, herufi kubwa zilizolala upande: KUPE.

Kasmir akakimbilia ndoo ya maji.

"Acha," Benedikta akasema.

"Shangazi, watu wanapita, wanasoma."

"Wasome. Aliyeandika ndiye atakayefuta."

Neno likakaa pale pale. Wateja wakawa wanaingia chini yake.

Balozi wa nyumba kumi alikuwa fundi cherehani, mzee Kitwana, mtu mpole asiyependa kelele. Alikuja jioni, akavua kofia, akakaa.

"Mama Filbert, mambo haya yamefika kwenye tawi la chama. Wapo wanaosema mashine ichukuliwe, kipewe kikundi cha ushirika cha akina mama. Nimeagizwa nipeleke neno baada ya Jumapili. Na mimi siwezi kupeleka neno ambalo sikuliona kwa macho yangu."

"Unataka kuona?"

"Nataka kuona."

"Basi njoo Jumamosi alfajiri. Nimesikia Zamzam ameletewa mahindi meupe na kaka yake toka Nachingwea. Mtaa mzima unakula ya njano. Aje na meupe yake. Kasmir akikwapua, tutamwona. Akichanganya, tutamwona. Rangi haidanganyi mtu."

Alilala usingizi mzuri siku hiyo, kwa sababu alikuwa na hakika.

Jumamosi walijaa mlangoni kama penye harusi. Mzee Kitwana alipewa kiti. Zamzam alikuja na kopo lake la mahindi meupe, akalipitisha kila mtu alione. Isidori alikuwa wa pili kwenye foleni na mkokoteni wake, maana mwenye hoteli wa Mtaa wa Sikukuu alikuwa amemtuma na gunia la mahindi ya njano, naye akasema kwa tamasha lile yuko radhi kusubiri. Benedikta alimwamuru Kasmir avue shati, abaki na fulana ya mikono mifupi, watu wasije wakasema ameficha kitu kwenye mkono.

Mota ikanguruma. Kasmir akamimina meupe yote, akapigapiga ubavu wa mashine mpaka ikawa haina tena cha kusaga. Unga ukatoka mweupe safi. Benedikta akatazama watu kama mtu aliyeshinda kesi.

Zamzam akauzoa koponi, akalisawazisha kwa kiganja, akamwekea mzee Kitwana miguuni. Halikujaa.

"Umeona mkono wa Kasmir ukichukua?" Benedikta akauliza.

"Sikuuona," akasema balozi.

"Na kopo halijajaa," akasema Zamzam.

"Kwa hiyo mahindi yako yalikuwa mabovu!"

"Tuendelee, jamani," Isidori akapaza sauti, "mwenye hoteli ataninyonga." Akaliinua gunia lake, Kasmir akaanza kumimina yale ya njano, na Isidori akashika mdomo wa mfuko, gunia tupu likiwa chini kupokea.

Akapiga kelele.

"Njooni muone! Jamani, njooni! Simba anatoka kwenye tumbo la Yanga!"

Unga uliokuwa unaingia katika gunia la mwenye hoteli ulikuwa mweupe. Mweupe kabisa, konzi ya kwanza na ya pili, halafu ukaanza kugeuka kidogo kidogo, ukawa wa njano. Watu walisogea wakauinamia. Watoto wakapita kati ya miguu. Hapakuwa na haja ya mtu kueleza. Unga wa Zamzam ulikuwa umebaki tumboni, na sasa ulikuwa unamtajirisha mwenye hoteli ambaye yuko kitandani kwake na hana habari.

Mwanamke wa maandazi ndiye aliyeuliza. "Na ule wa mwisho wa jioni, unaobaki baada ya wote, unaenda wapi?"

Kila mtu alijua unakokwenda. Wakamtazama Kasmir.

Hapo Benedikta akaona kitu ambacho alikuwa amekikalia miaka yote. Mashine iliyofagiwa ikang'aa huamka na njaa. Wa kwanza ndiye anayeishibisha. Anayefuata huacha wake na kuchukua wa mwenzake, na hivyo hivyo mpaka jioni. Hakuna mwingine anayepungukiwa, ila yule wa alfajiri peke yake. Na wa alfajiri ni nani? Ni mwenye kopo, kila siku ya Mungu. Konzi ile ile ukiitoa kwenye gunia, gunia halijui. Ukiitoa kwenye kopo, wachukuzi wanahamia kwa mwingine. Foleni yake iliyonyooka, aliyojivunia, ndiyo iliyokuwa inamla Zamzam, na inamla kwa usawa.

"Mama Filbert," mzee Kitwana akasema, "unasemaje?"

Kasmir akamwahi kujibu. "Shangazi, mimi sijaiba. Ufagio ulinipa wewe. Ukiuondoa, wanangu watakunywa nini?"

"Basi mwenye gunia awe wa kwanza," akasema mmoja.

"Mwenye gunia anakuja saa nne," akajibu Zamzam. "Mimi saa nne nimeshaosha sufuria."

"Basi mashine isifagiwe."

"Upikie panya?" akauliza Isidori.

Mzee Kitwana akakohoa. "Kwenye tawi wanasema kikundi kikiichukua mashine, mambo haya yatakwisha."

Watu walidhani Zamzam atafurahi. Akaweka mkono kiunoni. "Mzee wangu, mashine ikiwa ya kikundi itaota tumbo jingine? Hilo hilo litakuwepo, na mimi nitakuwa wa kwanza vile vile, na hata wa kumgombeza sitakuwa naye. Sina haja na mashine ya Mama Filbert. Nataka uji wangu urudi ulivyokuwa."

Wote wakamgeukia Benedikta. Alichukua ufunguo akautazama. "Kesho," akasema.

"Kesho nini?" Zamzam akauliza.

"Kesho ni kesho. Kasmir, endelea kusaga, watu wanangoja."

Mchana wote alikaa kitini. Mawazo yake yalikuwa Rombo. Kwao palikuwa na ng'ombe zizini ambaye hakuwa wao, alikuwa wa mtu wa kijiji cha jirani aliyewapa wamtunze, na maziwa wakanywa wao. Mama yake ndiye aliyekuwa anateremka tambarare kukata majani na kupanda nayo mlima kichwani, shingo ikizama. Benedikta mdogo alimwuliza siku moja, ng'ombe si wetu, kwa nini mwenyewe asimkatie majani? Mama yake hakusimama hata kupumua. Alimwuliza tu, jana usiku ulikunywa maziwa ya nani?

Mashine ya Mtaa wa Mahiwa ilikuwa inakamuliwa na nani? Kasmir alipata matone ya mwisho. Zamzam alikuwa anakata majani. Na aliyekuwa anakinga ndoo nzima alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, anajisifu kwa foleni.

Zamzam alipofika kesho yake, alisikia ngurumo kabla hajakata kona. Akafikiri kuna aliyemwahi, akaongeza mwendo. Akamkuta Benedikta mwenyewe, bila kitambaa kichwani, ameshika kopo lake anaimiminia mashine mahindi ya njano aliyoyatoa jikoni kwake.

"Leo nimekuwa wa pili?" akauliza Zamzam.

"Wa pili."

"Wa kwanza nani?"

"Mimi. Lete kopo."

Kasmir akasaga meupe. Konzi za kwanza zikatoka za njano, za Benedikta, na nyingine zikafuata nyeupe. Zamzam akalisawazisha kwa kiganja. Unga ukapanda ukingoni, ukamwagika kidogo juu ya kidole gumba. Akaulamba.

"Umenichafulia mahindi yangu na Yanga yako," akasema.

"Kama hutaki, rudisha."

Zamzam akalifunika kopo haraka kwa upande wa khanga. Hakusema ahsante, na Benedikta hakusema nisamehe. Mimi ninavyowajua wale wawili, kama mmoja angetamka, mwingine angeugua.

Mzee Kitwana alipeleka neno kwenye tawi kwamba mashine ibaki ilipo, kwa kuwa mwenyewe anailisha. Kasmir alibaki na ufagio wake. Na Isidori, wiki hiyo, alikuja na kitambaa kibichi, akasimama mbele ya mlango akasugua ule mkaa mpaka jasho likamtoka, huku Benedikta amekaa kitini anamwangalia.

"Nilijua ni wewe," akamwambia.

"Ulijuaje, Mama?"

"Katika mtaa huu ni wewe tu unayeandika K imegeukia nyuma."

Kuanzia hapo, kila alfajiri Benedikta aliilisha mashine yake kabla ya mtu. Hata mahindi yalipoadimika, na yeye mwenyewe akawa analala na chai ya rangi, kopo la mashine lilikuwepo. Wenye mashine wa Buguruni walimjia kwa hasira.

"Unatuharibia kazi," walisema. "Wateja wetu sasa wanauliza mashine zetu zimekula nini."

"Na nyinyi mnawajibu nini?"

Wakarudi Buguruni. Wawili wakaanza kulisha, wengine wakamwita mwendawazimu anayepikia chuma.

Masika moja aliugua, akashindwa kuinuka. Zamzam alifika, akakuta mashine kimya na Kasmir anahangaika hana mahindi ya kuilisha. Akasema, basi leo nitailisha mimi, si mgeni wa kazi hiyo. Alikuwa ameshaliinua kopo aliposikia sauti toka chumba cha nyuma.

"Zamzam! Usithubutu! Mashine ni ya kwangu, na njaa yake ni ya kwangu!"

"Lala, mgonjwa wewe!"

"Nitalala nikishailisha!"

Akatoka amejifunga blanketi, ameshika ukuta kwa mkono mmoja na kopo kwa mkono mwingine, akamimina. Nusu ya mahindi yalimwagika sakafuni. Zamzam akainama akayaokota moja moja akamrudishia mkononi, na Benedikta akayamimina nayo. Aliendelea hivyo mpaka mashine ile ilipochoka kabisa, na yeye hakuwahi kuwa tajiri, na hakuwahi kufunga mlango kwa kukosa wateja.

Nimemaliza. Sasa na wewe unisikilize, wewe uliyesoma mpaka hapa ukiwa umekaa. Una duka, una gari la abiria, una nyumba umepangisha, una chochote kinachokuingizia? Kesho amka mapema, umtazame yule wa kwanza anayekuja kwako na kopo lake. Mwangalie anaondoka na nini. Kama halijajaa, ulijaze kwa chako, usimwonyeshe kidole mfagizi wako. Kisha uje hapa kwangu uniambie umeona nini, na usije mikono mitupu: niletee kibaba cha unga, na nitakuuliza mashine ilikuwa imelishwa na nani.